Shule za Kujichanga: Kutoka New Street Hadi Shule ya Kata

Katika mji huu wa Dar es Salaam ukimwambia mtu kuwa umesoma shule ya kata, kwanza anacheka, halafu anakuonea huruma. Jina la utani tulilopewa ni "yeboyebo", yaani vile viatu vya plastiki vya bei chee ambavyo kila mtu alivivaa na kila mtu alivicheka. Mimi ni yeboyebo mmojawapo. Nilianza kidato cha kwanza mwaka 2014 na kumaliza cha nne mwaka 2017, katika sekondari ndogo ya kata pembezoni mwa Kariakoo. Jina lake sitalitaja, kwa sababu nitakayoyasema yanazihusu shule nyingi za aina yake, na pia sitaki mtu adhani natangaza biashara.

Ninachotaka kueleza ni kwamba shule ya kata ina babu na bibi zake. Wengi hudhani ilizaliwa juzi tu, kwa amri ya wakubwa, ikakua bila malezi. La hasha! Ukitafuta ukoo wake utaufikia hapa hapa Kariakoo, katika barabara ambayo leo inaitwa Lumumba na zamani ikiitwa New Street. Na ukishaujua ukoo huo, kicheko kinapungua.

Tuanze na enzi za Mwingereza. Kariakoo yenyewe jina lake limetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza waliokaa hapa. Huu ulikuwa upande wa Waafrika. Wahindi walikaa upande wao, Wazungu wakakaa baharini kwenye upepo. Na shule nazo zilipangwa kwa rangi hivyo hivyo: za Wazungu, za Wahindi, na za Waafrika, ambazo zilikuwa chache na fedha zake ni za makombo. Kijana Mwafrika wa Dar aliyetaka kusoma juu zaidi alifunga mzigo akaenda mbali, Tabora kwa mfano, na mwenye bahati kubwa mno alifika Makerere, Uganda.

Mwaka 1924 alipita hapa Dk. James Aggrey, Mwafrika msomi kutoka Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, akiwa na tume ya Wamarekani iliyokuwa ikichunguza elimu Afrika. Miongoni mwa wenyeji walioguswa na mtu yule ni Kleist Sykes, karani wa reli, mzaliwa wa Pangani wa mwaka 1894. Miaka mitano baadaye, 1929, African Association ikaanzishwa Dar es Salaam. Rais wake akawa Cecil Matola, katibu akawa Kleist. Wanachama wakajichanga na kujitolea, wakajenga nyumba ya chama New Street.

Mwaka 1933 Kleist na wenzake wakaanzisha chama kingine, Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, na kazi moja kubwa ya chama hicho ikawa kuwajengea shule watoto wa Kiislamu wa Kariakoo. Nayo ikasimama New Street. Mtoto akasoma Qur'ani na akasoma hesabu. Tusidanganyane, haikuwa sekondari. Lakini angalia ilivyopatikana: watu wa mjini, makarani, wachuuzi, mafundi, wameona Serikali haina haraka na watoto wao, wakaingiza mikono mifukoni. Hilo ndilo jiwe la kwanza la hadithi yangu.

Nyumba ya African Association ndiyo iliyozaa TANU tarehe 7 Julai 1954. Tunafundishwa habari hiyo tangu darasa la nne, lakini mara chache tunaambiwa kwamba suala la shule lilikuwa ndani yake tangu mwanzo. Rais wa TANU, Julius Nyerere, alikuwa mwalimu wa sekondari ya Mtakatifu Francis, Pugu, akisafiri kati ya Pugu na Kariakoo kwa shughuli za chama hadi alipolazimika kuchagua moja, akaacha ualimu Machi 1955. Mwaka huo huo wa 1955 ikaanzishwa TAPA, chama cha wazazi wa Kiafrika wa Tanganyika. Wazazi wa TAPA walijenga shule zao wenyewe, nyingine za miti na udongo, wakatafuta walimu wao wenyewe. Serikali ya kikoloni haikuzipenda shule hizo. Ziliitwa shule za porini, na wapo waliozicheka kama tunavyochekwa sisi. Kwa hiyo hata kicheko hiki ni cha urithi.

Uhuru ulipofika Desemba 1961, nchi nzima ya Tanganyika ilikuwa na wanafunzi 11,832 tu wa sekondari. Nchi nzima, bwana! Na Oktoba ya mwaka huo chuo kikuu cha kwanza nchini kilianzia wapi? Hapa hapa Mtaa wa Lumumba, katika jengo la TANU, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kile cha Mlimani chenye majina makubwa, kilianza kama mpangaji Kariakoo. Kwa hiyo mtu asiseme kitu kidogo cha mitaani hakiwezi kukua.

Baada ya Uhuru mambo yakabadilika haraka. Kuanzia Januari 1962 ubaguzi wa rangi mashuleni ukafutwa. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwezi mmoja baadaye Elimu ya Kujitegemea. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za mashirika na madhehebu mikononi mwa Serikali. Shule ya wavulana ya Aga Khan ikawa Tambaza, ile ya masista wa Mtakatifu Joseph ikawa Forodhani. Shule nyingi za wazazi nazo zikaingia katika mfumo wa umma. Mtoto wa mpagazi na mtoto wa mwenye duka wakakaa dawati moja, na hilo ni jambo la heshima ambalo sitaki kulipunguza hata kidogo. Ila jambo jingine lilitokea kimyakimya: shule ilipobadilishwa mikono, majina ya waliochanga yalibaki vichwani mwa wazee. Wazee wakafa nayo.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974, na mpango wa elimu ya msingi kwa wote, UPE, wa mwaka 1977. Watoto wakajaa shule za msingi. Sekondari, hata hivyo, mlango ulibaki mwembamba. Serikali ilipanga nafasi kwa kadiri ya wafanyakazi ambao nchi iliwahitaji. Miaka ya mwanzo ya 1980, katika kila watoto 100 waliomaliza darasa la saba, hawakufika 10 waliopata nafasi katika sekondari za Serikali. Waliobaki je? Waambiwe warudi shamba, na wa Kariakoo shamba lake ni lipi, barabara ya lami?

Ndipo wazazi wakaanza tena. Kilimanjaro, Kagera, Mbeya na kwingineko wakajenga sekondari kwa michango ya kahawa, ya ng'ombe na ya mishahara. TAPA ya zamani, ambayo sasa iliitwa Jumuiya ya Wazazi, ikafungua sekondari zake. Waliosoma Sangu, Meta au Ivumwe kule Mbeya wanajua ninachosema. Shule hizo nazo zilidharauliwa, zikaonekana ni za waliofeli. Wapo leo waliosomea humo ambao ni madaktari na wanasheria, na hawasemi kwa sauti walisoma wapi.

Sasa tufike kwetu. Mwaka 2004 Serikali ilianzisha MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, uliokwenda hadi 2009, na lengo likawa kila kata iwe na sekondari. Utaratibu ulikuwa hivi: wananchi watoe nguvukazi, mchanga, kokoto na tofali, wasimamishe boma, Serikali ilete fedha za kuezekea na kumalizia, pamoja na walimu. Mwaka 2006, chini ya Waziri Mkuu Edward Lowassa, msukumo ukawa mkali kweli kweli, hakuna diwani aliyelala. Takwimu zenyewe zinatisha. Mwaka 2004 nchi ilikuwa na sekondari 1,291. Mwaka 2009 zikawa 4,102. Wanafunzi walikuwa 432,599, wakawa 1,466,402. Kwa miaka mitano tu! Hakuna wakati mwingine kabla ya hapo katika historia yetu ambapo watoto wengi hivyo wa watu wa kawaida walivaa sare ya sekondari.

Lakini majengo yalikimbia, walimu wakaachwa nyuma. Wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi wakaletwa madarasani, na mtaani wakabatizwa "vodafasta", kwa jina lililotoka kwenye vocha za simu. Maabara hakuna, vitabu hakuna. Matokeo yakaja kujilipa mwenyewe mwaka 2012. Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka huo, uliotangazwa Februari 2013, watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri, kama 60 katika kila 100. Nchi ikazizima. Mei 2013 Serikali ikayafuta matokeo yale na kuyapanga upya. Wakubwa walilaumiana, na watoto wakabaki na aibu yao. Mimi nilikuwa darasa la saba nikiyasikia hayo redioni, na mwaka huo huo nikamaliza, nikapangiwa shule ya kata.

Basi nieleze maisha yetu. Shule ilikuwa na majengo mawili na nusu. Nusu kwa sababu la tatu lilikuwa boma, limeota majani, mbuzi wa jirani wakilala humo. Kiwanja tulichangia na shule ya msingi, maana Kariakoo na kandokando yake ardhi ni dhahabu. Hupati uwanja, unapata ukuta. Tulikaa watatu watatu kwenye dawati la wawili. Kitabu cha hadithi kilikuwa kimoja kwa darasa zima, mwalimu wa Kiswahili akisoma kwa sauti nasi tukisikiliza. Hivyo ndivyo nilivyosikia *Watoto wa Mama N'tilie* cha Emmanuel Mbogo, habari ya watoto wa mama muuza chakula wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Darasa lilinyamaza kimya. Mwalimu hakuhitaji kutufafanulia maudhui, kwani nusu yetu mama zetu walikuwa wanauza chakula. Siku hizo ndipo nilipoanza kutamani kuandika riwaya, na bado natamani.

Wenzetu waliotoka mbali walipambana na daladala. Nauli ya mwanafunzi shilingi 200, na konda hataki zaidi ya wanafunzi wawili. "Denti shuka, subiri la nyuma!" La nyuma nalo linasema subiri la nyuma. Mtu anafika saa tatu, mwalimu wa zamu anamsubiri na fimbo. Jioni wengi hatukwenda kucheza. Tulikwenda sokoni kuwasaidia wazazi, kuuza mifuko, kubeba mizigo, kuosha vyombo. Mama yangu aliuza chapati na maharage karibu na soko kuu, lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Kazi zangu za nyumbani nilizifanyia juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mwaka wangu wa kwanza, 2014, ndio lilitiliwa mkazo agizo la Rais Jakaya Kikwete kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, ifikapo Novemba. Kwetu maana yake ilikuwa lile boma la mbuzi liamke. Kamati ya shule ikapita mitaani na daftari. Nakumbuka mjumbe alivyokuja kwa mama, watu wamejaa wanakula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Chai au maharage?"

"Leo sijaja kula mama, nimekuja kuombea wanafunzi maabara."

"Hiyo maabara ndiyo nini?"

"Chumba cha kupimia dawa, mama. Wanawe wasome sayansi."

Mama akafuta mikono kwenye kanga, akatoa 5,000. Halafu akasema, "Andika jina langu vizuri. Siku nikiulizwa nataka lionekane." Wabeba mizigo waliokuwa wanakula wakacheka, lakini wawili wakatoa buku buku. Kuna mama wa ndizi kutoka Shimoni, hana hata mtoto pale shuleni, alitoa mifuko miwili ya saruji. Fundi mmoja wa madirisha hakutoa fedha, alitoa siku nne za kazi. Wapo pia waliofunga mlango wakisema wamechoka kuchangishwa, na sikuwalaumu. Michango ilikuwa mingi: ya dawati, ya mlinzi, ya mitihani, juu ya ada ya 20,000 kwa mwaka. Mwanafunzi alirudishwa nyumbani kwa deni dogo tu, na wengine hawakurudi tena.

Boma likaezekwa. Chumba kimoja kikawa maabara kweli, viwili vikawa madarasa kwa dharura. Vifaa vilikuwa haba: neli za majaribio za kuhesabu, mizani moja, taa za spiriti. Lakini ndani ya chumba kile, kwa mara ya kwanza, tuliona titresheni kwa macho yetu badala ya kuikariri kwenye daftari. Kundi la wasichana wa darasa letu liliipenda kemia hata likawa linabaki pale hadi mlinzi anafunga geti. Matokeo yetu yalipotoka, wengi hatukufika mbali. Mimi mwenyewe niliishia hapo. Ila wawili kati ya wasichana wale walikwenda kidato cha tano mchepuo wa sayansi, na mmoja leo ni muuguzi. Ukiniuliza shule yetu ndogo ilifanikiwa nini, nakujibu kwanza hilo. Pili, tulikuwa na ubao wa gazeti uliobandikwa nje ya ofisi, tukiandika mashairi na visa vya mtaani. Asiyepata kitabu alisoma ubao. Tatu, watoto wa dini zote na makabila yote, wa mpemba muuza duka na wa mgogo mbeba mizigo, walikula mihogo kwenye sahani moja. Shule za enzi za New Street zilianza kwa rangi na dini kwa sababu mkoloni aliwagawa watu hivyo. Yetu haikuuliza.

Januari 2016 ada ikafutwa. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulielekeza elimu hadi kidato cha nne itolewe bila malipo, na michango ya lazima ikakatazwa. Nilikuwa kidato cha tatu. Kwa kweli ilikuwa faraja kubwa. Mdogo wangu wa kike aliingia sekondari bila mama kukopa, na wale waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa deni walibaki darasani. Anayetaka ada irudi sikubaliani naye hata chembe.

Hata hivyo nililiona jambo, na ndilo lililonifanya niandike. Dirisha la maabara lilivunjika. Zamani yule fundi angekuja mwenyewe, maana aliliweka kwa mikono yake. Safari hii watu wakasema, "Hiyo ni ya Serikali, Serikali itengeneze." Kikao cha wazazi kikawa na viti vitupu. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa ni wale wale waliochanga. Ila hapakuwa na kitu popote kinachowaambia kwamba shule ni yao. Hakuna ubao wa majina ukutani wala kitabu ofisini. Kilichokuwepo ni daftari moja tu, na mweka hazina wa kamati alilihifadhi kwenye sanduku katika sehemu yake ya biashara sokoni. Tarehe 10 Julai 2021 soko la Kariakoo likaungua. Sanduku likaenda na daftari likaenda. Mzee yule alipoteza mtaji wake wote, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumuuliza habari za daftari.

Hapo ndipo unapoona jambo lile lile likijirudia. Shule za wazazi wa TAPA zilipoingia umma, majina yalibaki vichwani. Zetu zilipofanywa bure, majina yalikuwa kwenye daftari moja. Kila mara wananchi wanajenga, Serikali inapokea, na baada ya miaka ishirini mtoto anaambiwa shule yake ni msaada aliopewa. Mtoto aliyeambiwa hivyo atakubali kuchekwa, maana anadhani hana haki nayo. Lakini akijua kuwa ukuta ule una saruji ya mama muuza ndizi na siku nne za fundi wa madirisha, atadai mwalimu wa hesabu kama mwenye mali anayedai chake. Kutolipa ada na kuwa mwenye shule ni mambo yanayoweza kukaa pamoja. Kinachotakiwa ni kumbukumbu, na kumbukumbu haina gharama ya bati wala saruji.

Kwa hiyo nimeanza mwenyewe. Nimenunua daftari kubwa la kurasa mia mbili, na Jumapili nazunguka kwa wazee wa kamati, kwa mama lishe, kwa wabeba mizigo waliobaki, nauliza nani alitoa nini mwaka 2014, na nani alichimba msingi wa majengo ya kwanza. Wengine wamehamia Mbagala na Chanika, wengine wamefariki. Nimepata majina zaidi ya arobaini. Wazee wawili wamebishana mbele yangu nusu saa kuhusu tripu ya mchanga, kila mmoja akisema ni yeye aliyeileta, na nimewaandika wote wawili. Mama nilipomsomea jina lake alilitazama, akaniambia nimekosea herufi moja, nikarekebisha. Daftari likijaa nitaandika nakala mbili, moja ikae ofisi ya mkuu wa shule na nyingine ikae kwa watu.

Vijana wenzangu mliosoma yeboyebo, fanyeni hivyo katika kata zenu kabla wazee hawajatuacha. Na kama yupo msomaji aliyebeba hata tofali moja la shule za aina hii, za TAPA, za Wazazi au za kata, aseme jina la shule, mwaka, na alichotoa. Awatajie na waliokuwa naye siku ile, nao waandikwe.